Mlango wa tramu usio na makanga

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha wala programu ya kupakua. Nataka kuzungumzia mayai ya hoteli na tramu. Wale mliofika hapa mkitafuta dawa ya hifadhidata inayokwama msiondoke. Tutafika huko, ila tutapitia jikoni kwanza.

Juni 2023 nilikuwa Vienna, Austria, kwa juma moja. Kulikuwa na mkutano wa watu wanaoandika programu za usafiri wa umma, na waandalizi walinilipia ndege na chumba. Vienna na Nairobi zina undugu kidogo: pamoja na New York na Geneva, ndiyo miji minne yenye ofisi kuu za Umoja wa Mataifa. Kwa hivyo nilipotua nilijiambia nimefika kwa jamaa. Undugu wenyewe uliisha asubuhi ya kwanza, nilipoiona meza ya kiamshakinywa.

Hoteli ilikuwa ya kawaida, karibu na Urban-Loritz-Platz, mahali ambapo njia kadhaa za tramu hukutana. Lifti yake ilibeba watu watatu wembamba. Chumba cha kulia kilikuwa chini. Mlangoni alisimama mama mmoja mwenye karatasi na kalamu. Aliniuliza namba ya chumba, nikamwambia, akaweka alama, akanielekeza ndani kwa mkono. Basi. Kutoka hapo hakuna aliyenitazama tena.

Mezani kulikuwa na mikate midogo ya duara yenye mikunjo juu, inayoitwa Kaisersemmel, ingali na joto. Siagi, jibini za aina nne, nyama baridi iliyokatwa nyembamba kama karatasi, jamu ya aprikoti, mtindi, matunda, na kikapu cha mayai ya kuchemsha yaliyofunikwa kitambaa yasipoe. Mwenye kutaka kahawa alibonyeza mashine. Mwenye kutaka chai alipewa pakiti, maji moto na kijagi cha maziwa baridi, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa kwa chai ya kuchemshwa na maziwa ni adhabu, lakini hilo tuliache.

Nilichoshangaa ni kikapu cha mayai. Hakikuwa na mlinzi. Nimelala katika hoteli za kwetu ambako soseji zinalindwa kuliko pesa za benki: mpishi amesimama nyuma ya sufuria, ameshika koleo, anakuuliza "moja ama mbili?" kwa sauti inayokuambia jibu sahihi ni moja. Hapa mgeni alichukua mayai matatu na hakuna aliyekohoa. Tangazo lilikuwa moja tu, dogo, likiwaomba wageni wasibebe chakula kutoka nje ya chumba cha kulia.

Mezani nilikaa na dada mmoja kutoka Dar es Salaam aliyekuja kwa mkutano ule ule. Tulijuana kwa Kiswahili: alisikia nikiongea na simu, akaja na sahani yake.

"Kaka, shikamoo ya hapa wanaisemaje?"

"Hawana, dada. Wanasema tu asubuhi njema, mkubwa kwa mdogo."

"Haya. Na haya mayai, hawaibiwi?"

Nilimwambia nadhani wanaibiwa, ila wamepiga hesabu. Nilisema hivyo kama mzaha. Juma zima baadaye sikuacha kulifikiria jibu hilo, kwa sababu tulipotoka nje kupanda tramu tulikuta mambo ni yale yale.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, tramu ni treni ya mjini inayopita barabarani, kwenye reli zilizozikwa ndani ya lami, pamoja na magari na baiskeli. Vienna ilianza na tramu za kuvutwa na farasi mwaka 1865, na ya kwanza ya umeme ikatembea mwaka 1897. Kwetu tuliwahi kuwa na kitu kinachofanana nayo kwa mbali. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mombasa ilikuwa na vigari juu ya reli nyembamba. Abiria aliketi kivulini, chini ya paa la turubai, na watu wawili walimsukuma kwa mikono wakikimbia nyuma. Farasi wa Mombasa walikuwa binadamu. Nilimweleza dada wa Dar habari hiyo tukiwa kituoni, naye akasema kwamba hapo ndipo umakanga ulipoanzia, mtu kukimbia nyuma ya gari.

Tulipanda namba 49 hadi kwenye Ring, barabara pana inayozunguka mji wa kale. Hapo tulibadilisha, tukapanda nyingine inayopita mbele ya jumba la opera, kisha tukatembea kidogo hadi mkutanoni. Milango ya tramu inafunguka. Watu wanashuka, watu wanapanda, milango inafunga. Hakuna makanga, hakuna geti, na dereva yuko ndani ya kibanda chake nyuma ya kioo. Katika tramu za aina wanayoiita ULF sakafu iko sentimita 18 hivi juu ya barabara, kwa hivyo mama mwenye kigari cha mtoto anaingia bila kumwomba mtu amshikie. Sekunde chache, tumeondoka.

Pembeni mwa mlango kuna kisanduku cha buluu. Mwenye tiketi ya safari moja anaiingiza humo ipigwe muhuri wa saa na tarehe. Wakati ule tiketi hiyo ilikuwa euro 2.40, karibu shilingi 360 za Kenya. Mimi nilikuwa na tiketi ya wiki ya euro 17.10, iliyotumika kutoka Jumatatu hadi Jumatatu iliyofuata saa tatu asubuhi. Siku tano nzima hakuna mtu aliyeomba kuiona. Niliibeba mfukoni kama kitambulisho, nikiigusa kila nilipokaa, maana mwili uliokulia Nairobi hauamini kwamba mlango unaweza kuwa wazi tu hivyo.

Jumamosi, mkutano ukiwa umekwisha, tulipanda namba 71 kwenda makaburini. Msicheke. Zentralfriedhof, makaburi makuu ya Vienna, yalifunguliwa mwaka 1874, na inakadiriwa watu milioni tatu wamezikwa humo, wakiwemo Beethoven, Schubert na Brahms. Wafu wa pale ni wengi kuliko walio hai mjini. Namba 71 inafika huko, na wenyeji hawasemi fulani amekufa, wanasema amepanda 71. Dada wa Dar aliposikia hivyo alitaka kushuka.

Njiani milango ilipofunga kwenye kituo kimoja, watu wawili waliokuwa wamevaa nguo za kawaida walisimama, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakatoa vitambulisho. Wakaguzi. Watu wa Vienna wangali wanawaita "kofia nyeusi", ingawa kofia zenyewe zilikwisha zamani. Moyo wangu ulidunda. Tiketi ilikuwa mfukoni, halali, nimeilipia, na bado moyo ulidunda kama nimeona askari wa kaunti akija na mimi nimeegesha gari vibaya. Nilitoa tiketi. Mkaguzi aliitazama chini ya sekunde moja, akanishukuru, akapita. Kijana wa kike alionyesha simu. Mzee mmoja alikuwa na mbwa aliyefungwa mdomo kwa kikapu kidogo, kama sheria inavyotaka. Pale mbwa naye ana nauli yake, nusu ya ile ya mtu mzima, na mzee alilijua hilo vizuri kuliko mkaguzi.

Nyuma kabisa kulikuwa na kijana mmoja asiye na tiketi. Sikusikia kelele. Hakuvutwa shati. Kituo kilichofuata walishuka naye, mkaguzi akaanza kuandika, na tramu ikaendelea na safari. Faini ya pale ni zaidi ya euro 100, sawa na safari arobaini na kitu za kulipia. Shughuli yote haikutuchelewesha hata dakika moja.

Sasa tufike kwenye hifadhidata, kama nilivyoahidi.

Wenzangu mnaoandika programu mnajua tatizo hili. Watu wawili wanataka kubadilisha rekodi moja kwa wakati mmoja. Kuna njia mbili. Ya kwanza, anayefika mbele anaifunga rekodi kwa kufuli, wengine wote wanasubiri nje mpaka amalize. Ya pili, hakuna kufuli. Kila mmoja anaisoma rekodi pamoja na namba ya toleo lake, anafanya kazi yake, na anapokuja kuhifadhi hifadhidata inaangalia: je, namba bado ni ile ile? Kama ni ile, pita. Kama imebadilika, rudi uanze upya. Njia ya kwanza inamshuku kila mtu kabla hajafanya lolote. Njia ya pili inamwacha kila mtu apite, halafu inashughulika na yule mmoja aliyegongana na mwenzake.

Matatu ya Nairobi ni kufuli mlangoni. Mwendokasi ya Dar imelihamisha kufuli hadi kituoni. Dada alinieleza kwamba unakata tiketi kabla, unapita getini, na basi likija unapanda tu bila basi kumsubiri mtu atafute chenji. Tramu ya Vienna haina kufuli. Inakuacha upande, kisha siku moja moja inauliza namba ya toleo.

Lakini kila mwandishi wa programu anajua sharti la njia ya pili: inafaa pale tu migongano ni michache. Rekodi ikigombaniwa na watu mia kila sekunde, kila mtu atakuwa akirudishwa kuanza upya, na kufuli lingekuwa nafuu. Kwa hivyo swali la maana kuhusu Vienna si kama watu wake ni waaminifu kuliko sisi. Swali ni kwamba walifanya nini hadi migongano ikapungua.

Sehemu kubwa ya jibu ni bei. Mwaka 2012 jiji liliteremsha bei ya tiketi ya mwaka mzima hadi euro 365. Euro moja kwa siku, hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili anaiweza. Bei hiyo ilidumu hadi mwisho wa 2025. Kufikia 2018 wenye tiketi hizo walikuwa wamepita 800,000, katika jiji lililokuwa na watu chini ya milioni mbili. Watoto wa chini ya miaka sita hawalipi kabisa. Hebu fikirieni maana yake. Sehemu kubwa ya watu ndani ya tramu hawana cha kuiba. Wamekwisha lipa, na safari ya leo haiwaongezei hata senti. Ni kama kuingia kwenye tovuti mara moja asubuhi, halafu kila ukurasa unakujua. Huhitaji kuulizwa nenosiri kila unapobofya.

Na kikapu cha mayai ni vivyo hivyo. Kiamshakinywa kiliingia kwenye bei ya chumba. Yule mama mlangoni aliangalia jambo moja, kwamba mimi ni mgeni wa chumba fulani. Yai la tatu halikuwa na bei, kwa hivyo halikuwa na mlinzi. Kilichobaki cha kulindwa ni mtu kubeba mikate kumi kwenye mkoba, na kwa hilo tangazo dogo lilitosha.

Sehemu nyingine ya jibu sikuiona mpaka siku ya nne. Kila kituo kikubwa kina ubao unaoandika dakika zilizobaki kabla ya tramu kufika. Ukiandika 4, inakuja baada ya nne, mara nyingine tano. Nauli imeandikwa kwenye mashine na haibadiliki mvua ikinyesha. Abiria wa Vienna anaaminiwa, ndiyo, lakini yeye ndiye aliyeanza kupewa sababu ya kuamini. Anajua gari litakuja lini na litamgharimu kiasi gani. Mfumo ulimwonyesha uso wake kwanza.

Mnajua ninakoelekea. Nairobi asubuhi nauli ni hamsini. Saa tano ni thelathini. Jioni ni themanini, na tone la kwanza la mvua likigusa lami ni mia moja na hamsini, na makanga anakuambia kama hutaki kuna mwingine nyuma yako. Hakuna aliyeandika bei hiyo popote. Inazaliwa pale mlangoni, kati ya macho yako na macho yake. Bei ya namna hiyo haiwezi kukaguliwa baadaye. Utaikagua kwa kulinganisha na nini? Lazima mtu asimame mlangoni, kwa sababu mlangoni ndipo bei inapotengenezewa.

Ndiyo maana sikushangaa sana kilichotokea mwaka 2014. Serikali ilitangaza kwamba matatu ziache kupokea pesa taslimu kuanzia Julai mwaka huo, kisha tarehe ikasogezwa hadi Desemba. Kadi zilikuwa nyingi. BebaPay, ya Google na benki ya Equity, ilikuwa imeanza mwaka 2013. Nyingine zikafuata, na kadi ya gari hili haikukubaliwa na gari lile. Mapema mwaka 2015 BebaPay ilifungwa. Wengi waliandika kwamba Wakenya hawapendi teknolojia mpya, watu wale wale waliokuwa wakitumiana pesa kwa M-Pesa tangu 2007! Sababu zilikuwa karibu zaidi. Kadi iliwekwa mlangoni pa makanga bila kugusa bei. Na kila jioni makanga na dereva humpelekea mwenye gari hesabu, kiasi kilichokubaliwa, na kinachobaki ndicho mshahara wao. Kadi ilipeleka kila shilingi moja kwa moja kwa mwenye gari. Hakuna aliyewaambia wale wawili watakula nini.

Hapa lazima niseme ninavyohusika, maana siandiki haya kama mtazamaji.

Kaka yangu mkubwa amekuwa makanga tangu mwaka 2004, mwaka ule kanuni za Michuki zilipoanza kazi na matatu zote zikachorwa mstari wa manjano. Karo yangu ya chuo ilitoka mlangoni mwa matatu. Kompyuta yangu ya kwanza, mtumba yenye kioo kizito cha mgongo, ilinunuliwa kwa noti za hamsini na mia alizozifunga na mpira. Miezi michache baada ya kurudi kutoka Vienna, sacco moja iliniita niwaandikie mfumo wa kukusanya nauli. Sacco si ile anayofanyia kazi. Mwenyekiti wao alinieleza alichotaka kwa sentensi moja: mfumo ambao makanga hawezi kuiba hata shilingi, na baadaye makanga mwenyewe asihitajike.

Nilimpelekea kaka habari hiyo nyumbani kwake, Jumapili. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo unataka kunitoa mlangoni," akasema.

"Si wewe, kaka. Na hata hao, nataka kujua kwanza wanafanya nini pale mlangoni."

"Unauliza mimi? Wewe si ulipanda gari ukienda shule kila siku?"

Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Anajua mama yupi hushukia kwa daktari na anahitaji kushikwa mkono. Anampigia dereva mwili wa gari mara mbili kumwambia kuna mtoto anavuka nyuma. Anajua leo barabara imefungwa wapi kabla ya redio. Anamshusha mlevi bila vita, au kwa vita kidogo. Mwanafunzi asiye na nauli anambeba, akimwambia atalipa kesho, na mara nyingi kesho analipa. Vidole vilipokwisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba ndiyo, na nauli ya mvua anaipandisha, kwa sababu mvua ikinyesha foleni inakula safari mbili na hesabu ya mwenye gari haipungui.

Kauli hiyo ya mwisho ilinifundisha zaidi ya hotuba zote za mkutano. Ile nauli ya mvua ni hesabu isiyopungua, imefika kwa abiria kupitia mdomo wa makanga.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Vienna ambalo wanaoimba kuhusu miji ya kisasa hawalisemi. Tramu za kule zilikuwa na makondakta. Walianza kuondolewa miaka ya 1960, kwanza kwenye mabehewa ya nyuma, kidogo kidogo, njia moja baada ya nyingine. Wa mwisho alifanya kazi hadi Desemba 1996. Miaka thelathini na kitu! Waliozeeka kwenye kazi walizeeka nayo. Sisi mwaka 2014 tulipewa miezi.

Basi nilirudi kwa mwenyekiti nikamwambia kwamba mfumo alioutaka sitauandika, ila niko tayari kuandika mwingine. Nilimweleza habari ya kikapu cha mayai. Alicheka, lakini alisikiliza, maana ni mtu aliyewahi kuwa dereva.

Huu ndio mfumo tuliokubaliana. Nauli ya kila kipande cha njia imechapishwa, imebandikwa ndani ya gari na inapatikana kwa simu. Kuna bei ya asubuhi na jioni, na bei ya mchana. Ikibidi kubadilishwa inabadilishwa usiku uliotangulia, si wingu linapotanda. Abiria analipa kwa M-Pesa au taslimu, apendavyo. Makanga yuko pale pale mlangoni na simu ndogo, anaingiza malipo, na abiria akitaka risiti anapata ujumbe unaoonyesha alikopanda na alicholipa. Mwenye gari anaona jumla ya siku. Hesabu ya jioni haiko tena: dereva na makanga wana mshahara wa siku na fungu juu yake, na siku ambayo foleni imekula safari, sacco inalibeba pengo. Mara moja moja mtu wa sacco anapanda kama abiria wengine, anahesabu vichwa, anashuka. Kofia nyeusi bila kofia.

Sehemu ngumu ya kuandika haikuwa programu. Programu iliisha kwa wiki sita. Sehemu ngumu ilikuwa ule mstari unaosema sacco inalibeba pengo. Tuliujadili miezi minne, na wenye magari wawili waliondoka kwenye kikao.

Tulianza na magari manane. Mvua za Aprili zilipokuja, sita yalishika bei iliyobandikwa na mawili yakapandisha. Kwenye yale mawili abiria wenyewe walinyoosha kidole kwenye karatasi ukutani. Sijui niwaeleze vipi furaha niliyokuwa nayo kusikia habari hiyo. Si kwa sababu makanga alishindwa. Ni kwa sababu kwa mara ya kwanza palikuwa na kitu cha kunyooshea kidole. Bei ilikuwa imetoka katikati ya macho ya watu wawili, ikakaa ukutani ambapo wote wanaiona.

Mwenyekiti bado ananiuliza lini tutamtoa makanga. Namjibu kwamba Vienna walichukua miaka thelathini, na kwamba wakati huo ukifika mimi sitakuwa na nguvu za kuandika programu. Kaka yangu naye bado ananiita mtu wa mashine. Lakini mwezi uliopita aliniomba ile karatasi ya nauli, akaipeleka kwenye sacco yake mwenyewe. Hakuniambia walisemaje, nami sikumuuliza.

Kwa wenzangu mnaoandika programu za malipo, ushauri wangu ni mfupi. Mteja akija na kusema watu wetu ni wezi, niwekee kufuli, msianze na kufuli. Muulizeni kwanza kama bei yake inajulikana, kama imeandikwa, na kama inabaki ile ile mtu akigeuza kisogo. Mkifika hapo huenda mkagundua kwamba kufuli lote lile lilikuwa la kulinda yai la tatu.

Haya, kazi inaniita. Kesho gari la kwanza linaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na zamu ya kuhesabu vichwa ni yangu.